Chakula Kilicholala: Hesabu Saa Kabla ya Kunusa

Asubuhi katika nyumba nyingi za Kabambare, huku kwetu Maniema, mashariki mwa Congo, mama huinama juu ya sufuria, mfuniko mkononi, akijiuliza kama mboga ya jana bado inalika. Ananusa. Anachovya kidole na kuonja. Kisha anawasha moto, anaitokosa, na watoto wanakula kabla ya kwenda shule. Siku nyingi hakuna linalotokea. Siku moja mtoto anatapika mpaka macho yanazama, na watu wanatafuta sababu kwa maji, kwa jirani, kwa uchawi, kwa kila kitu isipokuwa sufuria ile, kwa kuwa ilinukia vizuri na ilichemka.

Pua na moto ndio waamuzi wawili tunaowaamini jikoni, na katika jambo hili wote wawili wanatupotosha. Anayetaka kujua kama chakula kilicholala kinafaa aulize mambo mengine matatu: kimekaa saa ngapi tangu kitoke motoni, ni chakula cha aina gani, na mikono ya nani imekigusa. Nawaandikia akina mama, akina dada na akina baba wanaopika bila frigo, yaani karibu sisi sote. Mwenye frigo kwetu huitegemeza kwa jenereta au kwa mitambo ya jua, na umeme ukikatika, frigo isiyofunguliwa hutunza baridi yake kwa saa 4 hivi. Baada ya hapo kilichomo ndani hakina tofauti na kilichoachwa mezani.

Tuanze na pua. Vijidudu vinavyokaa katika chakula si vya namna moja. Viko vinavyokiharibu: vinakichachusha, vinakitia uteute, vinakipa harufu inayotufukuza. Viko vingine vinavyotuletea ugonjwa, na hivyo mara nyingi havibadilishi harufu, rangi wala ladha. Kwa hiyo chakula kikinuka, kikitoa povu bila moto, kikivutika nyuzi ukikiinua kwa kijiko, kikiota ukungu, kimwage bila mjadala. Lakini kisiponuka, bado hujajua lolote. Na kuonja kidogo ili kupima ni hatari bure, kwa sababu ulimi hauna uwezo wa kutambua kile unachokitafuta.

Sasa saa. Shirika la Afya Duniani, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la OMS, lilitoa mwaka 2001 kanuni tano za chakula salama. Moja ya kanuni hizo inahusu joto: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kwa sababu vijidudu huzaana kati ya digrii 5 na digrii 60. Chini ya 5 hulala au huenda polepole sana. Juu ya 60 havizaani. Wamarekani hupunguza muda huo ukawa saa 1 pale hewa inapopita digrii 32, na mchana katika nyumba ya mabati huku kwetu digrii 32 si jambo la ajabu. Hata usiku wa kiangazi, mwezi wa saba, tunapojifunika blanketi, jiko letu halikaribii digrii 5. Maana yake ni kwamba chakula chetu, usiku na mchana, mwaka mzima, kimo katika eneo la hatari tangu kinapopoa.

Fanya hesabu mwenyewe. Vijidudu vingi vya chakula, vikipata joto zuri, huongezeka maradufu kila dakika 20. Chukua vijidudu 100 tu, ambavyo mkono mmoja uliopanguswa kwa kitambaa unaweza kuviacha. Saa 1 jioni ni 100. Saa 2 ni 800. Saa 5 usiku, mnapozima taa, vimefika 409,600. Asubuhi hesabu hiyo haisomeki tena. Ndiyo maana saa mbili za kwanza na saa kumi za usiku kucha haziwezi kuwekwa kundi moja.

Australia wana kanuni rahisi ambayo naiona inafaa hata kwetu. Chakula kilichokaa chini ya saa 2 bado ni kizuri. Kilichokaa kati ya saa 2 na saa 4 kiliwe hapo hapo, kisiwekwe tena. Kilichopita saa 4 kimwagwe. Sisi tuongeze jambo moja: kilicho kati ya saa 2 na saa 4 kitokoswe kwanza. Na ujue kwamba saa huanza kuhesabiwa sufuria inapotoka motoni, wala hazianzi upya ukipasha. Chakula kilichokaa saa 2 mchana, kikapashwa moto mdogo, kikakaa tena saa 2 jioni, kina saa 4.

Hatuna vipimajoto jikoni, lakini vidole vinatosha kwa jambo moja. Bugali au wali unaoweza kuufinyanga tonge bila kuungua tayari uko chini ya digrii 60. Yaani tangu chakula kinapofaa kuliwa kwa mkono, kinafaa pia kwa vijidudu.

Nije kwenye wali, kwa maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua. Mpunga ni fahari ya Maniema. Uliingia karne ya 19 pamoja na Waungwana na wafanyabiashara wa pwani, wakati Kasongo ilipokuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, na mpaka leo mgeni wa heshima hupikiwa wali, na gunia la mpunga hulipa ada ya shule. Inaniuma kusema, lakini katika vyakula vyote vinavyolala, wali ndio unaodanganya zaidi. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Anaishi udongoni na hupanda na mpunga kutoka shambani hadi ghalani hadi sufuriani. Ana mbegu zenye ganda gumu ambazo hazifi kwa kuchemka. Unapopika wali unaua vijidudu vingine vingi na kumwachia yeye shamba lililofyekwa. Wali ukipoa polepole katika sufuria kubwa, mbegu zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu ya kutapisha.

Madaktari wa Uingereza walianza kuutambua ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa watu waliokula wali wa kukaanga katika migahawa ya Kichina. Wali ulichemshwa jana, ukalala nje ya baridi, kesho yake ukakaangwa kwa moto mkali mbele ya mteja. Moto ule haukusaidia, na hapa ndipo mwamuzi wetu wa pili anapoanguka. Sumu ya Bacillus cereus inayotapisha hustahimili digrii 121 kwa dakika 90. Sufuria yetu ya maji haipiti digrii 100. Ukiupasha wali uliolala unaua bakteria wenyewe, lakini sumu waliyoiacha unaipeleka mezani ikiwa moto. Mwenye kuila huanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 6. Wengi hupona ndani ya siku moja. Si wote: mwaka 2008 huko Brussels kijana wa miaka 20 alikula tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku 5, akazipasha, na kesho yake akakutwa amekufa. Kifo cha namna hiyo ni nadra sana. Kutapika si nadra.

Hukumu yangu juu ya wali basi ni hii: wali uliolala nje usiku kucha hauliwi, hata ukikaangwa kwa mawese na kitunguu, hata ukinukia sebule nzima. Tambi ni hivyo hivyo.

Bugali ni ndugu wa wali, si chakula kingine. Tonge kubwa la bugali wa muhogo au wa mahindi hukaa na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, hasa likifungwa kwa nguo au majani, na uvuguvugu huo ndio vijidudu vinautaka. Ganda la juu lililokauka linakudanganya kuhusu hali ya ndani. Anayekula vipande vya bugali wa jana vilivyochomwa juu ya makaa ajue kwamba anacheza na saa zile zile, ingawa bugali mkavu usioguswa na mboga una hatari ndogo kuliko wali uliolowa mchuzi. Kwa mtu mzima mwenye afya na njaa, nisingeanza ugomvi. Kwa mtoto, ningeukataa.

Yuko bakteria mwingine ambaye sumu yake pia haiondoki kwa moto: Staphylococcus aureus. Huyu hatoki shambani, anatoka kwetu sisi wenyewe, puani, kwenye jipu, kwenye kidonda cha kidole. Anaingia chakulani kwa mkono. Tunakula kwa mkono kutoka sahani moja, na ni desturi nzuri ya undugu, lakini kinachobaki katika sahani hiyo hakiwekwi. Mwenye kutaka kuweka sehemu ya baadaye aitoe kwa mwiko safi kabla mkono wowote haujaingia, aitie katika chombo kingine na kukifunika. Hiyo peke yake, kama nyumba zote zingeifanya, ingepunguza magonjwa mengi ya tumbo. Na mpishi mwenye kidonda mkononi akifunge au ampe mtu mwingine mwiko.

Mboga zenye maji, yaani maharagwe, nyama, samaki, sombe iliyotiwa ndagala au karanga, zina mwenyeji wake. Anaitwa Clostridium perfringens, na kama Bacillus ana mbegu zisizokufa kwa kuchemka. Anapenda sufuria kubwa nene inayopoa polepole, na katika joto la digrii 43 hadi 47 huongezeka maradufu kwa dakika kama 10. Saa 6 hadi 24 baada ya kula, tumbo linasokota na kuharisha kunaanza. Kwake, tofauti na wale wa wali, moto unafaa: ukitokosa mboga mpaka inabubujika katikati, na ukaiacha ibubujike dakika kadhaa huku ukikoroga, unawaua kabla hawajaingia tumboni. Kupasha mpaka ivuguvugu ndiko kunakoleta shida, kwa maana hapo unawaongezea joto wanalolipenda.

Kwa hiyo desturi ya mama zetu ya kutokosa mboga kabla ya kulala, kuifunika bila kuifungua tena, na kuitokosa upya alfajiri, ina akili ndani yake. Naitetea. Inapunguza hatari ya mboga, haiiondoi, na haifai kwa wali kabisa. Lakini ifanywe sawasawa: sufuria ndogo, si kubwa, mfuniko ubaki juu wakati mboga inachemka ili mvuke uusafishe, na mtu yeyote asipitishe kijiko usiku. Aliyefungua kuonja saa 4 ya usiku amerudisha vijidudu, na kazi yote imeharibika.

Watu huniuliza kama ndimu na nyanya hukilinda chakula kilicholala. Ukali wake husaidia kweli, na tunao ushahidi wa Afrika. Mwaka 1984 kipindupindu kilipoingia vijiji vya Mali wakati wa ukame, miongoni mwa waliougua walikuwamo waliokula uji wa mtama uliolala. Kwa kawaida uji huo hutiwa maziwa ya mgando, ambayo ni makali, lakini ukame uliyaadimisha. Guinea miaka michache baadaye walipima sosi mbili: kijidudu cha kipindupindu kilizaana haraka katika sosi ya karanga iliyolala, na katika sosi ya nyanya, iliyo kali zaidi, hakikuzaana. Tunaopika mboga ya karanga tulisikie hilo. Makao ya kudumu ya kipindupindu mashariki mwa Congo ni kandokando ya maziwa, Tanganyika likiwamo, na njia za Fizi na Kalemie ndizo zinazotuletea ndagala na bidhaa nyingi. Lakini zile tambi za Brussels zilikuwa na sosi ya nyanya. Ndimu kamua kwa ajili ya ladha, na kama msaada wakati wa kipindupindu. Usiihesabu kama frigo.

Viko vyakula ambavyo kulala hakuvidhuru sana, na wazee wetu walivijua: vitu vikavu. Karanga zilizokaangwa, muhogo mkavu, samaki aliyebanikwa mpaka akakakamaa, nyama iliyokaa kwenye uchaga juu ya moshi, mikate ya unga iliyokaangwa ikakauka, ndizi na matunda katika maganda yake. Kinachovilinda ni ukosefu wa maji. Samaki wa kubanika akishaingia katika mchuzi amepoteza ulinzi wake wote, na saa zake zinahesabiwa kama za samaki mbichi aliyepikwa leo. Karanga au mahindi yenye ukungu ni jambo jingine tena: sumu ya ukungu haitoki yote kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye ukungu yaliua watu 125.

Kuna njia moja ya kuhifadhi ninayowaomba muiache kabisa, nayo ni kufunga chakula chenye unyevu bila hewa na kukiweka siku kadhaa: katika mfuko wa plastiki uliokazwa, katika chupa, chini ya tabaka nene la mafuta. Mahali pasipo hewa na penye joto ndipo inapotoka sumu ya botulismu, inayolegeza kope, ulimi, koo na mwishowe kifua. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza liliandika juu ya watu wa jamaa moja nchini Kenya waliopatwa na sumu hiyo kwa kula kumbikumbi waliofungwa namna hiyo, na wengine wao walikufa. Msimu wa kumbikumbi nasi tunao. Wakaange, waanike, wahifadhi wakiwa wakavu katika chombo kinachopumua.

Ramadhani huleta swali la chakula kilicholala kila usiku. Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanafuturu magharibi na kula daku kabla ya alfajiri, na kati ya hapo kuna saa 9 au 10. Nyumba nyingi hupika mara moja tu, kwa uchovu, kwa kuni, kwa usingizi, na sehemu ya daku hukaa katika sufuria. Saa 10 ni mara mbili na nusu ya kile kikomo cha saa 4. Ushauri wangu si kuamka kupika karamu. Gawanya kazi: mboga ipikwe jioni, itokoswe kabla ya kulala na kufungwa kama nilivyoeleza, ibubujike tena wakati wa daku, wali au bugali upikwe upya, kiasi cha daku tu, huku mchele umeshachaguliwa na kuni zimeshapangwa jioni. Anayeshindwa hilo ale daku isiyohitaji kupikwa mapema: uji unaochemshwa muda huo, chai na mikate mikavu, ndizi, tende zikipatikana, yai linalovunjwa na kukaangwa papo hapo. Nimeona watu wakifunga siku nzima tumbo likiwasokota na wakidhani ni saumu.

Matanga, arusi na maulidi yana tatizo lake, ambalo ni ukubwa wa sufuria. Wali wa watu 200 katika sufuria moja unaweza kukaa na joto la hatari katikati mchana kutwa. Wapishi wa shughuli wakipika kwa zamu, sufuria ya pili ikiingia motoni ya kwanza inapoanza kupakuliwa, wageni wa mwisho watakula chakula cha saa moja badala ya chakula cha saa sita. Na vile vifurushi tunavyowapa wageni wanaorudi Salamabila au Lubichako baada ya maziko, kwa heshima na upendo, visiwe vya wali na nyama. Mfungie mgeni karanga, mchele usiopikwa, samaki mkavu. Atakula salama na atakukumbuka.

Wachimbaji wa dhahabu wa pande za Namoya nao nawafikiria. Chakula kinapikwa saa 11 alfajiri, kinafungwa moto katika mfuko, kinabebwa kwenye jasho na jua, na kinafunguliwa saa 7 mchana na mikono yenye udongo. Hizo ni saa 8. Hakuna maelezo yatakayoufanya mfuko huo uwe salama kila siku. Watu wa shimo moja wakichanga sufuria na unga na kumweka mtu wa kupika pale pale, watapoteza nguvu kazi ya mmoja na kuepuka siku za kuharisha za wote. Mkulima wa shamba la mbali afanye vivyo hivyo: abebe unga na chumvi, moto auwashe shambani, au abebe muhogo wa kuchoma, ndizi na karanga.

Kuhusu vyombo nitasema kwa ufupi. Termosi ya chakula inafaa ikipashwa kwanza kwa maji yanayochemka, ikajazwa chakula kinachotokota na kufungwa mara moja. Ukiifungua baadaye na mvuke hautoki, ihesabu kama sufuria ya kawaida. Kuzungushia blanketi chakula kilichokwisha kuvuguvugu ni kuvilea vijidudu. Kupoza haraka kunasaidia: tandaza chakula katika sahani pana, au weka sufuria ndogo katika beseni la maji ya mtoni, ubadilishe maji yakipata moto. Ile mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine na mchanga wenye maji katikati, iliyomletea mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria tuzo ya Rolex, ni uvumbuzi mzuri kwa nyanya na mboga mbichi katika nchi kavu. Hewa yetu ya masika imejaa unyevu, mtungi haupoi sana, na hata katika nchi kavu haufiki digrii 5. Usiweke nyama iliyopikwa humo.

Watoto wadogo nimewaweka kando makusudi, kwa sababu kwao sina uvumilivu ninaowapa watu wazima. Huko Gambia, katika miaka ya 1970, watafiti walipima uji wa watoto wachanga kijijini, wakaona kwamba kadiri unavyokaa tangu kupikwa ndivyo vijidudu vinavyojaa, na masika, mama wakiwa shambani mchana kutwa, ndipo watoto wanapoharisha zaidi. Sisi tunaishi vivyo hivyo. Uji wa mtoto wa chini ya miaka 5 upikwe kidogo, unywewe mara moja, kinachobaki anywe mkubwa au kimwagwe. Bibi anayebaki na mtoto aachiwe unga na kuni, asiachiwe kikombe cha uji kilichofunikwa. Mtoto anayenyonya aende na mamake shambani ikiwezekana, maana maziwa yaliyo kifuani hayalali. Kanuni hiyo hiyo iwahusu mama mjamzito, mzee sana, na mgonjwa.

Najua kumwaga chakula ni uchungu. Kabambare ina nyumba zinazokula mara moja kwa siku, na ina nyumba zilizopokea waliokimbia vita na kugawana nao hicho kidogo. Siwezi kumwambia mama wa nyumba hiyo amwage sufuria kwa wepesi. Kwa ajili yake jambo lenye faida kuliko yote ni kuacha masalio yasizaliwe: unga, mchele, maharagwe na samaki mkavu hukaa miezi vikiwa vibichi, na huanza kufa saa vinapopikwa. Kikombe kimoja cha mchele kikibaki ghalani leo ni chakula cha kesho kwa hakika. Kikipikwa kikabaki sufuriani, ni bahati nasibu. Na ikibidi kuchagua kati ya vilivyolala, bora mboga iliyotokoswa mara mbili kuliko wali, bora kilichotengwa kabla ya mikono kuliko kilichobaki sahanini, na bora mkubwa ale kuliko mtoto. Kinachomwagwa kifukiwe penye migomba, watoto na kuku wasikifikie.

Akitokea mtu ametapika au anaharisha, mpe maji kabla ya yote. Kama huna paketi ya SRO, yaani ile dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa anayeharisha, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, mnyweshe kidogo kidogo, na akitapika subiri dakika 10 uendelee. Mtoto aendelee kunyonya na apate vidonge vya zinki katika kituo cha afya. Peleka hospitali upesi mwenye damu kwenye choo, asiyeweza kunywa, asiyekojoa, mtoto aliyelegea macho yamezama, mwenye kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na yeyote ambaye kope zinamwangukia, anaona vitu viwili viwili au anashindwa kumeza. Huyo wa mwisho usingoje hata saa moja.

Na mnapofika, mwambieni muuguzi alikula nini, kilipikwa saa ngapi, kililiwa saa ngapi, alianza kuugua saa ngapi, na wangapi walikula naye. Nyumba mbili au tatu za mtaa mmoja zikiharisha siku moja, mwambieni reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaa, siku hiyo hiyo, msingoje ya nne.